Saketi tisa kwa paipu moja: ubomoe, ama uongeze paipu tu?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Habari injinia. Najenga Riat, Kisumu, nyumba ya vyumba vitatu, ukuta haujapigwa plasta. Fundi wa stima ameshusha waya zote kutoka silingi mpaka kwa konsyuma (lile boksi la breka) kwa paipu moja kubwa ya milimita 50, nimehesabu waya kama 30. Shemeji yangu anafanya kazi ya stima Uingereza, nikamtumia picha, akasema hizo ni saketi 9 zimebanana kwa hivyo kila waya inapunguzwa nusu, 2.5 inabaki na 12A peke yake na fundi ameweka breka ya 20A, ati nitoe kila kitu. Fundi naye anasema hizo ni hesabu za vitabu, hajawahi kuona nyumba ikiungua juu ya hiyo. Nimsikize nani? Halafu baadaye nataka kuongeza shawa ya pili kwa chumba chetu, itawezekana?"

Dada, pole kwa kuwekwa katikati ya shemeji na fundi, hapo hata chai hainyweki vizuri. Nikwambie mapema tu: shemeji amesoma jedwali la kupunguza ampea sawasawa lakini amelisoma kama ni la kiwanda, na fundi anaijua nyumba lakini kuna waya moja hapo amekosea na hiyo moja ndiyo ingekuletea shida. Hautoi kila kitu. Unaongeza paipu mbili, unabadilisha waya ya shawa, na kwa vile plasta bado, hiyo si kazi ya kukunyima usingizi.

Sasa nieleze, juu ukijua sababu hata fundi akikuletea maneno utamjibu.

Waya ikipitisha stima inapata joto. Joto hilo linaenda na mraba wa ampea, yaani ukizidisha ampea mara mbili joto linakuwa mara nne, ukipunguza ampea nusu joto linabaki robo. Chukua waya ya 2.5 (yaani milimita za mraba za shaba, 1.5, 4 na 6 ni hivyo hivyo) ikiwa na 20A kamili, waya mbili za kwenda na kurudi zinatoa kama wati 7 kwa kila mita moja ya paipu. Zikiwa na 10A haifiki hata wati 2. Hiyo tofauti uikumbuke, ndiyo itaokoa pesa yako huko mbele. Plastiki ya waya hizi za kawaida za PVC imetengenezwa ivumilie 70°C kila siku bila shida, ikizidi hapo kwa muda mrefu haiwaki moto siku hiyo, inakauka tu polepole, inakuwa ngumu, inaanza kupasuka ukiikunja, na baada ya miaka unapata shoti ndani ya ukuta na hakuna mtu anakumbuka ilianzia wapi. Ndiyo maana fundi "hajawahi kuona". Hata mimi ningekuwa naunganisha nyumba na kuondoka singeona.

Waya ikiwa peke yake kwa paipu ndani ya ukuta wa mawe, joto linatoka. 1.5 inabeba 17.5A, 2.5 inabeba 24A, 4 inabeba 32A, 6 inabeba 41A, hizo ni namba za BS 7671, kile kitabu cha Waingereza ambacho mafundi wengi wa Kenya tumefunzwa nacho, na zimepigwa hewa ikiwa 30°C. Ukiweka saketi zingine pembeni yake kila moja inamwagia mwenzake joto, sasa ndipo jedwali la kupunguza linaingia: saketi mbili 0.80, tatu 0.70, nne 0.65, tano 0.60, sita 0.57, saba 0.54, nane 0.52, tisa 0.50. Shemeji alipofika kwa tisa akaona 0.50, akapiga 24 mara 0.50 akapata 12. Hesabu yake haina makosa hata kidogo.

Lakini angalia hilo jedwali linasema nini. Saketi tisa, kila moja na nusu ya ampea zake, maana yake kila moja inatoa robo ya joto lake, robo mara tisa ni 2.25. Kwa hivyo jedwali linasema lile paipu, likiwa na waya nyingi hivyo na upana huo, linaweza kutoa joto la kama saketi mbili na kidogo zilizojaa, basi. Hiyo ndiyo bajeti. Na limeandikwa kwa hali ambapo zote tisa zimejaa sawasawa, kwa wakati mmoja, masaa na masaa, kama matatu ambayo kila kiti kina mtu kutoka Kisumu mpaka Nakuru na hakuna anayeshuka njiani. Kwa kiwanda cha sukari hapo Muhoroni hiyo hali ipo. Kwa nyumba ya vyumba vitatu haipo, haijawahi kuwa, hata Krismasi wageni wakijaa.

Na si mimi nimejitungia, kitabu chenyewe chini ya lile jedwali kina maelezo madogo ambayo watu wanayaruka. Kinasema waya ikitarajiwa kubeba si zaidi ya asilimia 30 ya uwezo wake baada ya kupunguzwa, unaweza kuiacha kabisa nje ya hesabu ya wale wengine. Kwa hivyo kabla ya kuzidisha chochote kaa chini uandike kila saketi inabeba nini kweli kweli. Kwa orodha uliyonitumia ziko hivi: taa mbili za ndani, taa za nje, soketi za sebule, soketi za vyumba, soketi za jikoni ambazo ni ring (waya inazunguka soketi zote na kurudi kwa breka ile ile), shawa, kuka, na pampu ya maji. Tisa. (Ring inahesabiwa saketi moja ingawa ina waya za kwenda na za kurudi, kuna watu wanaihesabu mbili wakitaka kuwa salama zaidi, sitagombana nao. Na waya ya ardhi haihesabiwi popote, haina mzigo, usihesabu waya 30 ukadhani ni mzigo wa 30.)

Taa ndiyo rahisi. 1.5 ni 17.5A, mara 0.50 ni 8.75, asilimia 30 yake ni kama 2.6A. Balbu za LED za wati 9, hata ukiweka kumi na mbili kwa saketi moja ni wati 108, gawa kwa volti 240 unapata chini ya nusu ampea. Toa taa zote tatu, hata za nje. Enzi ya balbu za wati 100 ungefikiria mara mbili, sai hapana.

Soketi za vyumba, hapo watu wengi wangezitoa pia, simu na laptopu na redio hazina uzito. Mimi naziacha ndani. Sababu ni pasi. Pasi ya wati 1200 ni 5A, na asilimia 30 ya 12A ni 3.6A, tayari imepita, na nyumba za kwetu pasi inapigwa chumbani, si ndio? Pampu nayo, hiyo ya nguvu ya farasi moja, inavuta kama 5 ama 6A ikikimbia, imepita pia, ingawa inajaza tanki na kuzima. Naiacha ndani vilevile.

Zimebaki sita: sebule, vyumba, ring ya jikoni, shawa, kuka, pampu. Fakta, yaani ile namba ya kupunguza ya jedwali, sasa ni 0.57. Halafu kuna faida nyingine ndogo ya kutoa taa ambayo shemeji atakubali akifungua kitabu: lile jedwali ni la waya za saizi zinazokaribiana, zisizozidi saizi tatu zinazofuatana. 1.5, 2.5, 4, 6 ni saizi nne, hapo ungelazimika kutumia hesabu kali zaidi ya kugawa moja kwa kipeuo cha pili cha idadi ya saketi, na kwa tisa ingekupa theluthi. Taa zikitoka unabaki na 2.5, 4 na 6, tatu, jedwali linakubali.

Sasa Kisumu. Mimi niko Nakuru, huku tuko juu karibu mita 1850, mchana hewa ni 25 hivi na usiku unatafuta sweta. Kisumu mko mita 1130 hivi kando ya ziwa, saa nane mchana 30 ni kawaida, na ukuta unaopigwa na jua la jioni unakaa na joto hata baada ya chakula cha usiku. Ndani ya ukuta wako nitachukua 35°C, fakta yake ni 0.94. Juu ya silingi chini ya mabati ni dunia nyingine, hapo 40 inapita kwa urahisi, fakta ni 0.87, na ikifika 45 ni 0.79.

Na hapa ndipo watu wanajiumiza bure: wanachukua 0.57 ya paipu na 0.87 ya mabati wanazidisha pamoja. Hizo hali mbili hazikutani mahali pamoja. Picha yako inaonyesha paipu ya 50 iko ndani ya ukuta tu, kama mita tatu, ikifika juu kila saketi inaingia kwa paipu yake ya 20 na kwenda njia yake. Kwa ukuta unatumia 0.57 na 0.94. Kwa silingi unatumia 0.87 peke yake, mradi zile paipu za 20 hazijafungwa pamoja. Nimeona kwa picha ya tatu fundi amezifunga nne na kebo tai kwa mbao moja, imekaa smati lakini hiyo smati haina kazi, mwambie akate tai azitawanye. Pengo la kando likizidi mara mbili ya unene wa kitu chenyewe unaacha kuhesabu mrundiko. Na zilale juu ya mbao za silingi, zisining'inie karibu na bati. Kwa 40°C 2.5 yako inabaki na 20.9A, breka ya 20A iko sawa. Ikigusa bati ikafika 45 inabaki 19, na hapo breka ya 20A haiko sawa tena. Sentimita chache za nafasi zinaamua.

Turudi kwa shawa, hiyo ndiyo sababu nimeandika mrefu hivi.

Fundi ameweka 4 kwa shawa na breka ya 32A. Ni kawaida sana huku kwetu, nimeiona Nakuru, nimeiona Kakamega, kila mahali. Sasa geuza ile shawa uangalie kibandiko chake. Nyingi zinazouzwa zimeandikwa wati 5500, na ukisoma vizuri volti ni 220. Stima yetu ni 240. Waya ya ndani ya shawa haijui imeandikwa nini, ina ukinzani wake wa kama omu 8.8 na ukiipa 240 inavuta 27.3A, inakuwa karibu wati 6500. Ndiyo maana maji yanachoma hapa kuliko vile boksi linaahidi, na pia ndiyo maana zinaungua mapema, lakini hiyo ni siku nyingine.

Kwa hivyo mzigo ni 27.3A. Uwezo wa 4 ndani ya lile paipu ni 32 mara 0.57 mara 0.94, unapata 17.1A. Imepitwa na zaidi ya ampea 10. Kwa joto, kumbuka mraba, hiyo ni kama mara mbili na nusu ya inayoruhusiwa. Nakubali zile zingine haziko zimejaa wakati huo kwa hivyo hali halisi si mbaya hivyo, na mtu mmoja akioga dakika saba waya haijafika kilele cha joto lake. Lakini nyumba yako ni ya watu wangapi? Saa kumi na mbili asubuhi watoto wanafuatana bafuni mmoja akitoka mwingine anaingia, jikoni birika limewashwa, kuka ina uji, na pampu imeanza kwa sababu tanki limeshuka. Hiyo nusu saa ndiyo paipu lako linapata mtihani wake wa kila siku. Na breka ya 32A haioni kosa lolote, 27.3 iko chini ya 32, itakaa hapo kimya miaka kumi.

Kwa hivyo shawa inatoka kwa ile paipu. Ipewe paipu yake ya 25 kutoka konsyuma mpaka silingi, na waya ibadilishwe iwe 6. Mtu atakuuliza mbona usiiache 4 ikiwa iko peke yake. Peke yake chini ya mabati, 32 mara 0.87 ni 27.8A, mzigo ni 27.3A. Inapita, lakini imepita kwa nusu ampea, na ukibadilisha shawa ukaleta ya wati zaidi umerudi kwa shida. Na 6 ni 41 mara 0.87, 35.7A, breka ya 32A inakaa chini yake vizuri na hata ukiongeza shawa yenye nguvu kidogo hauna wasiwasi. Usikubali akuwekee breka ya 25A ati "kulinda waya", mzigo wa 27.3 kwa breka ya 25 ni kuzidi kwa asilimia 9, breka za kawaida zimetengenezwa zisikatike mpaka zipite asilimia 13, kwa hivyo haitakatika, itakaa tu ikichemka ndani ya konsyuma kila asubuhi na kuzeeka. Na shawa iwe na ile breka ya kukata stima ikivuja, ya miliampea 30. Kama konsyuma yako haina, hiyo inunue kabla ya kigae cha bafu. Maji na stima vikiwa pamoja sina utani.

Ring ya jikoni pia naitoa. Hapa shemeji na mimi tuko upande mmoja. Ring ya 2.5 kwa breka ya 32A ina sharti lake, kila mguu baada ya kupunguzwa kote ubaki na si chini ya 20A. Ukibaki na saketi tano, baada ya shawa kutoka, 24 mara 0.60 ni 14.4A na hata bado hujaweka joto la Kisumu. Haifiki. Peke yake kwa paipu, 24 mara 0.94 ni 22.6A, inafika. Kuna njia ya hesabu ya kuitetea ibaki, nitakuonyesha hiyo njia kwa saketi zingine, lakini inategemea kwamba saketi mbili hazitazidiwa wakati mmoja, na jikoni ndiyo mahali kwa nyumba ambapo mtu anachomeka birika, maikrowevu, na blenda halafu anakumbuka friza iko hapo pia. Jikoni sitetei. Paipu ya 25, waya zile zile za 2.5 alizonazo, azivute tu upya.

Zimebaki nne ndani ya paipu kubwa: sebule, vyumba, kuka, pampu, na taa zinazokaa hapo bila kuhesabiwa. Fakta 0.65. Fundi atasema ahaa, 24 mara 0.65 mara 0.94 ni 14.7, na breka ni 20, bado umenikatalia. Hapana. Kitabu kina hesabu ya pili kwa saketi ambazo hazitazidiwa zote wakati mmoja, na ndiyo hali ya nyumba. Inaenda hivi, nitaiandika kwa maneno: chukua mzigo halisi, uuzidishe kwa wenyewe, halafu zidisha kwa 0.48. Tafuta moja toa mraba wa fakta, gawa kwa mraba wa fakta, hiyo izidishe na ile ya kwanza. Jumlisha na mraba wa breka. Tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa fakta ya joto. Unachopata kisizidi namba ya jedwali ya waya yako. Na kando na hiyo, mzigo halisi ukigawa kwa fakta zote mbili usizidi pia.

Tufanye ya sebule. TV, dekoda, waifai, siku nyingine pasi, siku nyingine feni mbili kwa hili joto lenu, nikiwa mkarimu sana mzigo ni 10A. Mraba ni 100, mara 0.48 ni 48. Fakta 0.65 mraba wake ni 0.4225, moja toa hiyo ni 0.5775, gawa unapata 1.367. Mara 48 ni 65.6. Breka 20 mraba ni 400, jumla 465.6, kipeuo ni 21.6. Gawa kwa 0.94 unapata 23.0. Waya ni 24. Imepita. Ile ya kando, 10 gawa kwa 0.65 na 0.94 ni 16.4, imepita na nafasi. Vyumba ni hivyo hivyo. Pampu ina mzigo mdogo na breka ya 16A, sihesabu hata.

Kuka yako umesema ni gesi tatu na sahani moja ya stima na oveni ya stima, tuseme zote pamoja wati 3800, hiyo ni 15.8A. Kuna kanuni ya zamani ya kuka: 10A za kwanza unazihesabu zote, zinazobaki unahesabu asilimia 30, na kama swichi yake ya ukutani ina soketi unaongeza 5A. 10 na 1.7 na 5, ni 16.7A. Waya ya 6, breka 32A, ukipitisha kwa ile hesabu ndefu unapata 37, jedwali ni 41. Imepita. Mwachie fundi kuka yake.

Kitu kimoja kuhusu nafasi, juu najua fundi atakwambia "lakini paipu ya 50 bado ina nafasi, waya zinavutika". Kuna kanuni ya kutojaza trankingi kupita asilimia 45 ya nafasi yake, na mafundi wengi wanaijua hiyo, wakiona iko sawa wanadhani wamemaliza. Hiyo ni ya kuvuta waya bila kuichubua na kuacha hewa kidogo. Haihusu ampea. Paipu inaweza kuwa nusu tupu na bado waya zikazidiwa na joto, na hiyo yenu karibu ndiyo mfano.

Halafu namba zote hizi nimekupa ni za shaba kamili. Kabla fundi avute ile 6 mpya, chukua kipande cha roli umenye sentimita mbili. 6 halali ina nyuzi 7, kila moja milimita 1.04. 4 ni nyuzi 7 za 0.85, 2.5 ni nyuzi 7 za 0.67. Ukiwa na venia, kile kipimo cha unene, pima, kama huna beba kipande kwa fundi wa vyuma akupimie. Kisha kwaruza uzi mmoja na kisu, ukiona nyeupe chini ya rangi ya shaba hiyo ni alumini imepakwa, rudisha dukani hata kama ina kibandiko cha ubora kinang'aa. Waya nyembamba ya bei nafuu inakuharibia hesabu yote tuliyofanya, na 2.5 ambayo ni 2 kweli haitaokolewa na fakta yoyote.

Kwa utaratibu, kazi ya leo ni ndogo: kuchonga njia mbili za paipu ya 25 kando ya ile ya 50, ziwe na pengo kati yao lisilo la kubana, kuvuta upya ring, kuvuta 6 mpya ya shawa, kukata zile kebo tai juu. Waya ya 4 ya shawa usitupe, itafaa kwa soketi za nje ama nyumba ya kuku. Akimaliza na kabla plasta haijapigwa, apime na mega (mashine ya kupima kama plastiki ya waya inavujisha stima) kwa volti 500, kila saketi ionyeshe si chini ya megaomu 1, na waya mpya nzuri itaonyesha zaidi ya hapo mbali. Mwambie akupimie ukiwa umesimama hapo. Na muulize leseni yake ya EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti nishati, ni ya daraja gani, si kwa ubaya, ndiye atakayesaini cheti cha kazi kabla Kenya Power walete mita, na jina litakuwa lake.

Shemeji mtumie hii, atakuwa na la kusema juu ya ile hesabu ya 0.48, mwambie aangalie Kiambatisho cha 4 mle mle kwa kitabu chake.

Shawa ya pili sasa. Inawezekana, na kwa vile ukuta uko wazi weka paipu yake leo, ya 25, tupu, na kamba ya kuvutia ndani, uifunge midomo yote miwili saruji isiingie. Usiipitishe pamoja na ya kwanza hata kama fundi anasema zote ni 6, kwa sababu hizo ndizo saketi mbili za nyumba ambazo zinaweza kujaa kabisa wakati mmoja, wewe ukiwa chumbani na watoto huko kwingine, na hapo 0.80 ya jedwali ni ya kweli, hakuna kutoa. Lakini swali la hiyo shawa haliko kwa paipu. Mbili pamoja ni karibu 55A, ongeza jikoni, na hizo zote zinapita kwa waya mkubwa wa kutoka mita mpaka konsyuma. Kama fundi ameweka 10 hapo, jedwali ni 57A, mara 0.94 inabaki 53 na tayari umepitwa kabla ya kuwasha taa. Ya 16 ni 76, inabaki 71. Muulize ameweka gani, na kama bado hajaweka, ni 16 na si chini, halafu uangalie swichi kuu ya konsyuma na breka ya mita zimeandikwa ampea ngapi kabla hujalipia shawa ya pili.